Sugu kwa nani?

Neno sugu lilizaliwa mwilini. Ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mtu wa jembe, au kwenye kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Halikai mbali na kitenzi kusugua. Kutoka mwilini likahama. Mwizi aliyefungwa mara tano na bado anaiba ni mwizi sugu. Kikohozi kisichosikia dawa ni kikohozi sugu. Hospitalini wanasema vijidudu vya malaria vimekuwa sugu, maana yake dawa ya zamani haiviui tena. Ukiweka mifano hii pamoja utaona kwamba, ukiacha kiganja, kila kinachoitwa sugu ni kitu kilichotushinda. Sugu ni sifa ya adui.

Naanza na hilo kwa sababu mwaka jana shirika moja linalofanya kazi na wakulima lilileta kwenye idara yetu karatasi ya kurasa nne kwa Kifaransa, likitafuta mwanafunzi wa kuifasiri kwa Kiswahili. Ilihusu ndizi. Neno résistant lilirudi humo karibu kila aya: aina hii ni résistante, aina ile si résistante, mkulima achague aina résistante. Kamusi zilizokuwa karibu zilinipa sugu. Tayari nilikuwa na mashaka, maana mtu wa kijijini akisikia "ndizi sugu" anaweza kufikiri ni ndizi isiyoiva, au isiyong'oka shambani hata ukiitaka itoke. Kabla ya kuandika lolote nikaichukua karatasi nikaenda nayo kwa mama mkubwa.

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, analima kwenye barabara ya zamani ya Buta. Sisi wa Kisangani vijiji vya barabarani tunavitaja kwa kilomita, PK fulani na PK fulani, kana kwamba jina la kijiji ni mali ya wenye kijiji tu. Anapanda ndizi za kupika, makemba, na makemba hayo ndiyo yamenilipia masomo tangu mwaka wa kwanza. Kila mkungu unaoanguka kabla ya kukomaa ni pesa iliyotoka kwenye karo yangu. Msomaji asidhani basi kwamba nimeingia katika habari za wadudu kwa kupenda elimu peke yake.

Nikamsomea: aina hii ni sugu.

"Sugu kwa nani, mama?" Ananiita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

Kwa wadudu, nikamwambia.

"Mududu gani?"

Karatasi haikusema.

"Na iko namufanya nini, huyo mududu?"

Hilo pia karatasi haikusema. Akaendelea kumenya makemba yake.

Nimesoma vitabu kadhaa vya sarufi katika kitivo hiki, lakini sijapata maelezo mafupi kuliko hayo kuhusu tofauti ya kivumishi na kitenzi elekezi. Kivumishi kinaruhusiwa kukaa peke yake: sugu, kali, nzuri. Kitenzi elekezi hakina ruhusa hiyo. Kinataka kiima na kinataka yambwa, nani anamfanya nani. Mtu anayeandika kwamba mti ni résistant amejificha nyuma ya kivumishi, na maswali mawili ambayo mkulima anayahitaji zaidi yamebaki nje.

Tuanze na mdudu basi, kwa kuwa yeye ndiye yambwa aliyepotea.

Mdudu anayeangusha makemba upande wetu ni fukusi wa migomba. Wanasayansi wanamwita Cosmopolites sordidus, yaani raia wa dunia yote aliye mchafu, na siku hizi jina hilo linamfaa: asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, na leo yuko karibu kila mahali mgomba unapoota katika nchi za joto. Hakufika kwa mabawa. Anaruka kwa nadra sana. Ni mdudu mweusi wa urefu wa sentimita moja na kidogo, mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayetembea usiku, na ukimgusa anajifanya amekufa. Waliomsafirisha ni sisi, ndani ya machipukizi tuliyopeana kwa wema, shangazi kwa shangazi, kijiji kwa kijiji. Jike halitagi sana, yai moja hivi kwa juma, lakini linaweza kuishi miaka miwili, na yai lenyewe linawekwa mahali ambapo mkono wako haufiki: chini, kwenye tunguu la mgomba, pale shina linapokutana na udongo. Buu likitoka halionekani tena. Linachimba ndani ya tunguu, linapita huku na huku, na mizizi inapungukiwa na mahali pa kushika. Juu unaona majani ya kijani na mkungu unaojaa. Halafu siku moja unakuja upepo wa mvua, si mkali hata, na asubuhi mgomba umelala na mkungu wake.

Mama mkubwa anaita mabuu haya mpose wa ndizi. Kila mtu wa Kisangani anajua mpose, yale mabuu manene ya mchikichi tunayokaanga na kula. Wataalamu wa wadudu wangemkubalia, maana fukusi wa mgomba na mdudu anayezaa mpose ni ndugu wa ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba hawa wa mgomba ni wadogo, hawajazi sufuria, na hakuna anayewashukuru.

Sasa swali lake la pili: mti unamfanya nini mdudu? Hapa nilipata bahati. Swali hilo lina umri mkubwa na lina vitabu. Mwaka 1951 Mmarekani Reginald Painter alichapisha kitabu juu ya ukinzani wa mimea dhidi ya wadudu, na ndani yake akaligawa jambo hili mara tatu. Kuna mmea ambao mdudu haupendi: hauji, au anakuja akaondoka, hatagi hapo. Kuna mmea ambao mdudu anaukubali, anautaga, anaula, lakini unamdhuru: watoto wanakufa, au wanakua polepole, au wanatoka dhaifu. Na kuna mmea unaoliwa kama mingine yote, ila una nguvu ya kubeba hasara na kuzaa hata hivyo. Painter alimpa kila mmoja jina lake. Wa kwanza kwa Kiingereza aliitwa kwa neno lenye maana ya kutopendelewa, wa pili antibiosisi, wa tatu ustahimilivu.

Yaliyofuata yatawapendeza wenzangu wa sarufi. Mwaka 1978 watafiti wawili, Kogan na Ortman, walilipinga lile jina la kwanza. Hoja yao, nikiieleza kwa lugha ya idara yetu, ilikuwa hoja ya kiima. Kupenda na kutopenda ni mambo ya mdudu. Ukinzani ni sifa ya mmea. Huwezi kutaja sifa ya mmea kwa kitenzi ambacho kiima chake ni mdudu. Wakapendekeza neno jipya lililoundwa kwa Kigiriki, antizenosisi, tabia ya mmea ya kuwa mwenyeji mbaya kwa mgeni. Miaka 27 ya sayansi, na ugomvi ulikuwa juu ya nani asimame mbele ya kitenzi.

Kiswahili hakihitaji Kigiriki kwa kazi hiyo, kwa sababu kina minyambuliko. Mdudu anachukia mgomba: kiima ni mdudu. Mgomba unamchukiza mdudu: tumeongeza kiambishi cha kusababisha na kiima kimekuwa mgomba, bila kugusa mzizi. Aina ya kwanza inachukiza. Aina ya pili inaua, au inadhoofisha. Aina ya tatu inavumilia, na tazama kwamba katika kitenzi hiki cha tatu mdudu hayumo kabisa, mgomba uko peke yake na maumivu yake. Vitenzi vitatu, miundo mitatu. Kivumishi sugu kinavifunika vyote kama sufuria moja juu ya meko matatu.

Tena si mchezo wa maneno, maana shambani kila kitenzi kinadai kazi tofauti. Ukipanda aina inayochukiza, fukusi watahamia kwa jirani yako. Ukipanda aina inayoua, wao wanazidi kupungua shambani mwako kila mwaka. Ukipanda aina inayovumilia, wewe unapata mikungu yako na fukusi wanapata watoto wao, na shamba lako linakuwa kitalu cha wadudu kwa kijiji kizima. Mtu aliyeambiwa tu kwamba ndizi yake ni sugu hawezi kujua yuko katika hali gani kati ya hizo tatu.

Kwa ndizi, jibu linajulikana vizuri, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika Uganda, nchi inayokula ndizi kila siku. Walichokuta ni kwamba fukusi si mchaguzi sana wakati wa kutaga. Anaitaga hata migomba ambayo haitalea watoto wake. Kinachotenganisha aina moja na nyingine kinatokea baadaye, ndani ya tunguu: katika aina fulani mabuu yanakufa au yanachelewa kukua. Ni kitenzi cha pili, kuua. Ndizi ya pombe ambayo Waganda wanaiita Kayinja inafanya hivyo. Ndizi zao za kupika za nyanda za juu hazifanyi. Na makemba yetu, ole wetu, yamo katika kundi linaloshambuliwa kuliko yote.

Kati ya zile zinazoua, moja ni ya kwetu. Inaitwa Yangambi Km 5.

Wasomaji wa Kisangani hawahitaji kuelezwa Yangambi iko wapi: kilomita kama 100 kuelekea magharibi, ukingo wa kulia wa mto. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda taasisi yao ya utafiti wa kilimo, INEAC, na Yangambi ikawa kituo chake kikuu. Baada ya uhuru ikawa INERA. Jina la aina hii halina siri: ni Yangambi, kilomita ya 5. Ni PK, kama tunavyosema sisi. Ndizi hii ni ya kuliwa mbivu, vidole vyake vifupi, ganda lake jembamba, utamu wake wa kweli. Inamshinda fukusi, inashindana na ugonjwa wa madoa meusi ya majani, na inamshinda pia yule mnyoo mdogo sana anayetoboa mizizi ya migomba. Adui watatu kwa mmea mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990, migomba ya Kagera, upande wa Tanzania, ilipokuwa imechoka, Yangambi Km 5 ilikuwa miongoni mwa aina zilizopelekwa huko na kugawiwa kwa wakulima. Jina la kijiji chetu cha mtoni linatamkwa leo na watu wa Ziwa Viktoria ambao hawajawahi kuuona mto Kongo.

Aina hiyo ina jina jingine pia, na hilo napenda zaidi: Ibota Bota. Anayejua Kilingala atasikia mara moja kobota, kuzaa. Mzizi umerudiwa, na kurudia mzizi katika lugha zetu ni njia ya kuzidisha: zaa-zaa, zaa bila kuhesabu. Jina linasema kweli. Mgomba huu unatoa machipukizi kwa wingi, unajaza nafasi yote, mwenye shamba anapunguza na wao wanarudi. Linganisha basi majina mawili. Yangambi Km 5 linakuambia mahali walipoikuta wenye daftari. Ibota Bota linakuambia itakavyokuwa shambani kwako. Moja ni anwani, jingine ni maelezo. Lililosafiri dunia nzima ni anwani.

Mama mkubwa anaijua ndizi hii, migomba michache iko nyuma ya jiko lake kwa ajili ya watoto. Nilipomuuliza kama nayo ina mpose alisema: "Mududu anaingia. Lakini anafia mule ndani." Nikamwomba arudie ili niandike. Watafiti wamefungua matunguu mengi na kupima mabuu mengi ili kufika kwenye sentensi hiyo.

Hata hivyo ingekuwa uongo kuishia hapo, kana kwamba Ibota Bota ni suluhisho. Yangambi ileile iliyotupa mgomba huu hodari ndiko ulikoandikwa, mwaka 1958, ugonjwa wa virusi unaofanya majani ya mgomba kusimama mafupi na kubanana juu kama ufagio, na mgomba hauzai tena. Hiyo ni miongoni mwa kumbukumbu za kwanza za ugonjwa huo Afrika kusini mwa Sahara. Anayeueneza ni mdudu mwingine kabisa, kidukari mdogo mweusi anayejificha kwenye mikunjo ya majani, na dhidi ya ugonjwa huu hakuna aina ya kulimwa inayojulikana kuwa na kinga kamili. Tunguu linaloua fukusi halina la kumfanya kidukari aliye juu na mrija wake mdomoni. Sugu kwa nani? Kwa yule, si kwa huyu.

Mwenzangu wa darasa anayetoka Masisi alicheka kwa uchungu nilipomweleza habari za Kayinja. Kwao mnyauko wa bakteria uliingia mwaka 2001, mwaka uleule ulioonekana Uganda. Wanaobeba bakteria hizo, pamoja na panga la mkulima, ni nyuki na wadudu wengine wanaokuja kunywa asali kwenye ua dume, lile gungu jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Kila kifuniko cha ua kikianguka kinaacha kidonda kibichi, na mdudu aliyetoka kwa mgomba mgonjwa anakanyaga pale. Uganda, Kayinja ndiyo iliyoteketea mbele ya nyingine. Ndizi inayoua watoto wa fukusi kwenye tunguu inawafungulia nyuki mlango kwenye ua. Zipo aina ambazo vifuniko vyake havianguki, vinakauka na kubaki vimeshika palepale. Hizo nyuki haziambukizi kwa urahisi. Nani angeziita sugu? Hazijapigana na mtu. Zimechelewa tu kuvua nguo. Na wasio na aina hizo wanalivunja ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, bila panga, na hapo kazi ya kukinza imehama kutoka kwa mgomba kwenda kwa mtu.

Nilipofika hapo nilifikiri nimeshaelewa kazi yangu ya kufasiri. Mama mkubwa hakuwa ameelewa kazi ya karatasi. Alitaka kujua wanamshauri afanye nini: ang'oe makemba apande Yangambi? Nani atapika lituma kwa Yangambi?

Kwa wasomaji wa mikoa mingine, lituma ni makemba yaliyochemshwa na kutwangwa, na kwetu meza isiyo na lituma ni meza ya mgonjwa. Hapa ndipo mgomba unapotofautiana na miti mingine ya matunda, na tofauti hiyo ni ya kikatili kidogo. Katika karne ya 19 mizabibu ya Ufaransa ilikuwa ikifa kwa mdudu wa mizizi aliyetoka Marekani, filoksera. Mizabibu ya Kimarekani ilikuwa imezoeana naye, lakini divai yake haikuwapendeza Wafaransa. Wakapandikiza: mzizi wa Marekani chini, mzabibu wa Ufaransa juu. Mdudu anakutana na mzizi, mnywaji anakutana na zabibu, na kila mmoja anapata alichostahili. Mitufaha nayo ilifanyiwa hivyo dhidi ya kidukari wake wa mizizi, kwa kutumia mizizi ya aina iitwayo Northern Spy na uzao wake. Mwembe unapandikizwa, mchungwa unapandikizwa, mparachichi unapandikizwa.

Mgomba haupandikizwi. Kiswahili kinauweka katika ngeli ya miti pamoja na mwembe, lakini botania inasema ni jani kubwa lisilo na mbao, na lile tunaloliita shina ni maganda ya majani yaliyokumbatiana. Hakuna pa kukata na kuunga. Huwezi kuweka makemba juu ya tunguu la Ibota Bota. Unachukua mmea mzima, na tunguu lake, na ladha yake, au unauacha mzima. Njia nyingine ni kuwazalisha upya kwa mbegu, jambo la taabu kubwa kwa mmea ambao umeacha kuzaa mbegu, na wenye subira wanalifanya. Lakini hilo halimsaidii mtu wa barabara ya Buta msimu huu.

Kwa hiyo mtu anayemwambia mkulima "achague aina sugu" anamwomba, bila kulitaja, abadilishe chakula chake, na soko lake, na sehemu ya lugha yake. Maana makemba si kitu kimoja. Misitu ya Afrika ya kati na magharibi ina zaidi ya aina 100 za makemba, na kila aina ina jina, na majina mengine yanatofautiana mto hadi mto. Wenzetu wa Kitivo cha Sayansi wamekusanya aina hizo za Tshopo kwa miaka mingi: Libanga Likale, Libanga Lifombo, Litete na nyingine. Mwaka 1998 Gerda Rossel alitoa huko Leiden kitabu kizima juu ya majina ya makemba katika Afrika, akiyafuata majina kutoka lugha hadi lugha ili kuona mmea ulipita wapi. Anayesoma lugha za Kiafrika na kudhani shamba la ndizi si mahali pa kazi yake amekosea mlango.

Mimi nimeanza kuandika majina ya barabara yetu kwa ajili ya kazi yangu ya kuhitimu, na nimegundua kitu ambacho sikukitafuta. Wazee hawatumii kivumishi kimoja kusema ndizi ni hodari. Wanasema hii inakataa upepo. Hii inakubali udongo mbaya. Hii mpose anaipenda sana. Hii inazaa hata ikiliwa. Kila mara ni kitenzi, na kila mara mwenzake yumo: upepo, udongo, mpose. Vijana wa rika langu nikiwauliza wananijibu kwa kivumishi: ni nzuri, ni mbaya, ni résistante. Nadhani tumelipata hilo shuleni na kwenye karatasi kama ile niliyopewa. Aina ikiacha kupandwa jina lake hubaki kwa muda mdomoni mwa wazee. Lakini ile sentensi iliyokuwa ikifuata jina, inakataa nini, inakubali nini, hiyo hutangulia kufa.

Karatasi niliifasiri. Mahali pa kivumishi niliandika sentensi, na sentensi zikala nafasi. Kurasa nne zikawa karibu sita. Mwenye karatasi alilalamika kwamba gharama ya kuchapa itapanda, akaniuliza kwa nini nisiandike tu sugu kama watu wote. Nikamrudishia maswali ya mama mkubwa, yote mawili. Tulibishana, mimi kwa heshima, yeye bila. Mwishowe alikubali sentensi za fukusi, akakata za kidukari. Sehemu ya Yangambi Km 5 imechapishwa hivi: fukusi ataitaga ndizi hii kama anavyotaga nyingine, lakini watoto wake wengi watafia ndani ya tunguu, haizuii ugonjwa wa ufagio, haifai lituma.

Na chini yake, jambo linalowahusu wanaobaki na makemba, kwa kuwa wengi watabaki nayo: menya tunguu la chipukizi kwa kisu mpaka libaki jeupe, maana mayai na mabuu yako kwenye ganda, litumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, lipande siku hiyohiyo mbali na shamba la zamani, kwa sababu fukusi anatembea tu, hafiki upesi.

Mama mkubwa alisikiliza nilipomsomea. Akauliza sekunde 30 ni muda gani kwa mtu asiye na saa. Tulihesabu pamoja kwa sauti mbele ya sufuria, yeye akihesabu kwa Kilingala, mimi kwa Kiswahili, na hatukumaliza wakati mmoja. Shamba la zamani, lenye mpose wengi, ameliachia Yangambi. Machipukizi yamekuwa mengi kiasi kwamba anayagawa kwa wapita njia. Makemba ameyapeleka kwenye kipande kipya ng'ambo ya kijito, yamemenywa na kuchemshwa. Bado hayajatoa mkungu.